Diski zinazokaa kwenye intaneti (My Book Live, My Cloud, NAS): kuzizuia zisifutwe kutoka mbali

#1 Mlinzi_wa_Diski (Kampala)

Habari zenu wote. Uzi huu ni wa wale ambao diski yao ya nje haichomekwi kwenye kompyuta bali kwenye ruta, kwa waya wa mtandao: My Book Live, My Cloud, Synology, QNAP (zote huitwa NAS, yaani diski za mtandao), na hata ile diski ya kawaida ya USB iliyochomekwa nyuma ya ruta. Kampala zimejaa. Wachapaji wa Nasser Road wanazo, studio za video za kwanjula (sherehe ya utambulisho) na harusi wanazo, zahanati na SACCO pia. Wengi huiita bakapu, kumbe ndiyo nakala pekee waliyo nayo.

Tarehe 23 na 24 Juni 2021, wenye My Book Live na My Book Live Duo katika nchi mbalimbali walikuta folda zipo lakini ndani hamna kitu, na nywila ya msimamizi haikubali. Kwenye kumbukumbu za kifaa ulionekana mstari unaotaja factoryRestore.sh, yaani kifaa kilikuwa kimeamriwa kijirudishe hali ya kiwandani. Amri ilipitia intaneti.

Matundu yalikuwa mawili. La kwanza, CVE-2018-18472 (CVE ni namba ya kutambulisha tundu la usalama), lilijulikana tangu 2018 na lilimruhusu mtu wa nje kuendesha amri akiwa root, yaani msimamizi mkuu wa kifaa. La pili, CVE-2021-35941, ndilo linalouma zaidi: ukurasa wa kurudisha hali ya kiwandani ulikuwa na mistari ya kuuliza nywila, ila mistari hiyo ilikuwa imezimwa ndani ya programu. Western Digital wenyewe walieleza kwamba kasoro iliingia Aprili 2011, walipopanga upya sehemu ya kuthibitisha watumiaji. Sasisho la mwisho la vifaa hivyo lilitoka 2015. Kwa hiyo watu walikaa miaka sita na kifaa kinachofanya kazi vizuri kabisa ambacho hakuna tena aliyekuwa akikiziba.

Kazi zetu basi ni mbili, na hakuna inayochukua nafasi ya mwenzake: kukitoa kifaa machoni pa intaneti, na kuwa na nakala ambayo kifaa hicho hakina uwezo wa kuigusa. Wenye kujua ruta waanze.

#2 Fundi_Ruta (Jinja)

Nachukua ya ruta.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta (mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1), tafuta UPnP, uizime. UPnP ndiyo inayoruhusu diski kuiambia ruta "nifungulie mlango" bila wewe kuulizwa. Ukishaizima, nenda kwenye jedwali la kuelekeza milango, lile linaloitwa Port Forwarding au Virtual Server, ufute kila mstari unaoelekea kwenye anwani ya diski. Hata DMZ (sehemu inayokiacha kifaa kizima wazi kwa intaneti) itazame, maana kuna mafundi wakishindwa kupata mlango sahihi wanakitupa kifaa kizima kwenye DMZ na kuondoka. Washa ruta upya, kisha rudi uangalie jedwali tena. Kuna ruta ambazo mistari ya UPnP hubaki mpaka ziwashwe upya.

Halafu ipe diski anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.50, na sehemu ya gateway (anwani ya njia ya kutokea nje) uiache tupu. Kifaa kisichojua njia ya kutokea hakiwezi kujibu mtu wa nje, hata ukija kusahau mlango wazi siku nyingine. Kompyuta za ofisini zitaendelea kukiona kama kawaida. Kama ukurasa wake unalazimisha gateway, tumia ruta kuizuia MAC (namba ya utambulisho wa kifaa) ya diski isitoke nje.

Gharama yake: saa ya kifaa itaanza kupotea kwa sababu hakifikii seva ya muda, na barua pepe za tahadhari hazitatoka. Saa ukiipuuza, tarehe za faili zitavurugika na bakapu inayolinganisha tarehe itaanza kunakili ovyo. Mwezi mara moja irekebishe kwa mkono, au kama ruta yako inatoa huduma ya NTP (ya kuweka saa), ielekeze diski huko.

IPv6 nayo msiisahau. Milango ya IPv4 unaweza kuifunga yote, huku kifaa kina anwani ya IPv6 inayofikika moja kwa moja. Hakikisha ngome ya IPv6 kwenye ruta inakataa miunganisho inayoanzia nje, au uizime IPv6 kwenye diski yenyewe.

#3 StudioNtinda

Asante ssebo. Sisi tunatumia laini ya mtandao wa simu, ruta ya 4G. Fundi wetu anasema tuko nyuma ya CGNAT kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeweza kutufikia, tusijisumbue. Ni kweli?

#4 Fundi_Ruta (Jinja)

Nusu kweli, nnyabo. Angalia anwani ya WAN (ya upande wa intaneti) kwenye ukurasa wa ruta. Ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, hapo ni CGNAT: anwani moja ya nje inagawanywa kwa wateja wengi, na mtu wa nje hawezi kubisha kwako moja kwa moja. Hata ikianza na 10, bado hufikiki kirahisi.

Ila ile app ya simu ya diski yako, inayokuonyesha picha za ofisini ukiwa Mbale, inafanyaje kazi kama hakuna njia? Diski yenyewe inatoka nje na kushika seva ya mtengenezaji, kisha wewe unaingilia humo. CGNAT haizuii hilo. Akaunti yako ya wingu ikiibwa, au seva ya mtengenezaji ikidukuliwa, mlango uko wazi. Zima kipengele hicho kwenye diski. Kina majina tofauti: Cloud Access, QuickConnect, myQNAPcloud.

Siku mkihamia intaneti ya nyaya yenye anwani ya umma, CGNAT itakuwa imekwenda na hakuna atakayewapigia kengele. Jipimeni wenyewe kutoka nje kwa nmap (programu ya kupima milango), kwenye kompyuta iliyo kwenye mtandao mwingine:

`nmap -Pn -p 21,22,80,443,445,5000,5001,8080,8443 ANWANI_YENU`

Mnataka kuona "filtered" au "closed" kote. "Open" yoyote itafutiwe mwenyewe kabla hamjafunga duka.

#5 Okello_Mitandao (Gulu)

Sikubaliani na kuzima kila kitu na kuwaacha watu hivyo hivyo. Mwenye ofisi Gulu na tawi Lira anahitaji faili zake. Ukimnyima njia salama, wiki ijayo atafungua mlango 445 (wa kushirikiana faili) mwenyewe.

Njia ni VPN (njia iliyosimbwa inayopita ndani ya intaneti) inayoishia kwenye ruta au kwenye kikompyuta kidogo, isiishie kwenye diski. WireGuard inatumia mlango mmoja wa UDP (51820 kwa kawaida) na haimjibu kabisa mtu asiye na ufunguo, kwa hiyo wanaopekua mtandao hawaioni. Aliye nyuma ya CGNAT atumie Tailscale, ambayo haihitaji kufungua mlango wowote. Weka kwenye Raspberry Pi iliyo ofisini, iruhusu kutangaza 192.168.1.0/24 (anwani za mtandao wa ofisi), na ndani ya akaunti uikubali njia hiyo. Hapo diski inabaki bila gateway kama alivyosema Fundi, kwa sababu Pi huibadilishia anwani ili ionekane ni ya humo humo ndani. Ukitumia WireGuard tupu, hiyo kazi ya kubadilisha anwani (masquerade) iwashe mwenyewe, la sivyo diski itapokea ombi na isijue pa kurudisha jibu. Watu hupoteza siku nzima hapo.

Kingine cha kuichukia njia ya wingu la mtengenezaji: mwanzo wa Aprili 2023, baada ya Western Digital kudukuliwa, huduma ya My Cloud ilizimika zaidi ya wiki. Faili zilikuwa nyumbani kwa watu, kwenye diski waliyoinunua, na wasio na njia ya ndani hawakuzifikia.

#6 Mlinzi_wa_Diski (Kampala)

Okello nakubaliana nawe. Sasa nakala, maana hapa ndipo mambo huharibika taratibu.

Kosa la kwanza ni kusawazisha na kuita bakapu. Programu ya kusawazisha hunakili pia ufutaji. NAS ikifutwa saa nane usiku, saa tisa nakala nayo ni tupu. Wanaotumia rsync (programu ya kunakili ya Linux) na `--delete` wako hatarini kuliko wanavyodhani, kwani hata mdukuzi hahitajiki: folda ya NAS isipounganishwa asubuhi hiyo, rsync inaona chanzo kitupu na inafuta upande wa pili kwa utiifu kabisa. Weka faili ya alama kwenye NAS na kikomo cha ufutaji:

`[ -f /mnt/nas/.nipo ] || exit 1`
`rsync -a --delete --max-delete=200 --backup --backup-dir=/mnt/akiba/zamani/$(date +%F) /mnt/nas/ /mnt/akiba/sasa/`

Mstari wa kwanza unakatisha kazi kama alama haionekani. `--max-delete` inazuia kufuta zaidi ya faili 200 kwa mara moja (pandisha ikiwa studio yenu inafuta sana). `--backup-dir` inahamishia kilichofutwa au kubadilishwa kwenye folda ya tarehe badala ya kukipoteza. Folda hizo zinakula nafasi, kwa hiyo diski ya akiba iwe angalau mara moja na nusu ya data yenu.

Kosa la pili ni mwelekeo. NAS ikiwa ndiyo inayosukuma nakala, basi nywila ya diski ya akiba imehifadhiwa ndani ya NAS, na aliyeiteka NAS ameipata. Geuza: mashine ya akiba ndiyo ivute. NAS isijue hata kwamba mashine hiyo ipo. Mpe mvutaji akaunti ya kusoma tu; kwa SSH unaifunga kwenye authorized_keys kwa `command="rrsync -ro /shares"`, njia ya folda ikitegemea kifaa chako. Wanaopendelea restic (programu ya bakapu) waendeshe rest-server kwa `--append-only`, ambapo mteja anaongeza nakala mpya lakini hawezi kufuta za zamani.

Na juu ya yote hayo, diski mbili za USB za kubadilishana. A iko ofisini ikinakiliwa, B iko kwingine, haijachomekwa popote. Ijumaa zinabadilishana. Diski iliyo kabatini haina mlango wa kubisha. Ila wengi wanaiacha A imechomekwa wiki nzima kwa uvivu wa kuchomoa; hiyo nayo ihesabuni kama iko mtandaoni.

#7 Kato_Prints

Mzee, na sisi wenye diski mbili ndani ya NAS, RAID 1? Kila faili si tayari iko mara mbili?

#8 Mlinzi_wa_Diski (Kampala)

RAID 1 inakulinda diski moja ikifa. Ukifuta, inafuta zote mbili kwa pamoja. My Book Live Duo ilikuwa na diski mbili na ilifutwa vilevile.

#9 Nakato_Sysadmin (Entebbe)

Niongeze kuhusu snapshoti (hali ya faili iliyohifadhiwa ya wakati fulani, ndani ya diski hiyo hiyo), kwa kuwa wauzaji wanazisifia kana kwamba ndizo dawa. Kwenye mifumo ya faili ya Btrfs au ZFS ni nzuri mno dhidi ya mtu aliyefuta folda kwa bahati mbaya, au kompyuta ya Windows yenye virusi vya fidia (vinavyofunga faili na kudai pesa) iliyosimba faili za folda ya NAS inayoonekana kama Z:. Unarudi saa moja nyuma, yamekwisha. Lakini aliyepata root kwenye NAS anaweza kuzifuta snapshoti zenyewe. Synology wenye DSM 7.2 kwa modeli zinazokubali wana snapshoti zisizofutika hata na msimamizi mpaka siku ulizoweka ziishe. Washeni hizo, na mhesabu nafasi kwanza, maana diski ikijaa hutaweza kuzipunguza.

Virusi vya fidia kwenye NAS si hadithi. Qlocker ya Aprili 2021 iliwakuta wenye QNAP na kufungia faili zao ndani ya mafaili yaliyobanwa ya 7-Zip yenye nywila. Deadbolt ilianza Januari 2022 kwa QNAP ikidai bitcoin 0.03 kwa kila mtu, na Februari ikahamia ASUSTOR. Waliodhurika walikuwa wale ambao kifaa kilifikika kutoka intaneti.

Mengine ya kufanya kwenye kifaa chenyewe: tengeneza msimamizi mwenye jina jingine kisha uzime akaunti ya "admin", washa uthibitisho wa hatua mbili, washa kufungia anwani inayokosea nywila mara 5, zima SSH, FTP na Telnet kama huzitumii. Na kompyuta za wafanyakazi zisiunganishwe na folda ya bakapu hata kidogo. Windows ikishahifadhi nywila ya folda hiyo, kirusi hakihitaji kuikisia.

#10 Kato_Prints

Na wingu la kulipia? Tuna kama 2 TB za mafaili ya uchapaji.

#11 Okello_Mitandao (Gulu)

Piga hesabu kabla ya kulipa. TB 2 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 2 ni siku 92 hivi mfululizo, laini isikatike. Kwa Mbps 10 ni siku 18 na nusu. Upande wa pili, diski ya USB 3 inayokimbia MB 110 kwa sekunde inamaliza kwa saa 5 hivi, na kwenye USB 2 (MB 30) ni kama saa 18 na nusu. Pandisha wingu kazi za mwaka huu na hesabu za fedha, zikiwa zimesimbwa kabla hazijatoka. Kumbukumbu za zamani ziende kwenye diski ya kabatini.

Na umeme jamani. Kukatika katikati ya kuandika kunaharibu diski kimya kimya, na unaporudi huja na mshtuko. NAS ya diski mbili inakula wati 20 hadi 30 hivi, kwa hiyo UPS ya 650 VA inaibeba pamoja na ruta kwa muda wa kutosha kuzima vizuri. Waya wa USB wa UPS uchomekwe kwenye NAS ili ijizime yenyewe, vinginevyo UPS inachelewesha tu ajali. Diski za akiba zisiwe exFAT, haina jarida la kuikinga inapokatwa ghafla. Ext4 au NTFS.

#12 Akello_SACCO (Lira)

Nauliza kwa upande wa sheria. Kwetu diski ina majina na namba za vitambulisho vya wanachama. Ikivamiwa?

#13 Nakato_Sysadmin (Entebbe)

Dada, Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inamtaka anayetunza data akiamini imefikiwa na asiyeruhusiwa atoe taarifa mara moja. Inapelekwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Ndiyo maana nakala za kabatini nazo zisimbwe (kwa LUKS ya Linux au BitLocker ya Windows) na ufunguo uandikwe kwenye karatasi iliyofungiwa mahali tofauti na diski. Ufunguo uliohifadhiwa ndani ya NAS hautakusaidia siku NAS haipo.

#14 Kijana_wa_Mbarara

Ndugu zangu, nina mteja ameniletea My Book Live imefutwa. Nimeitoa diski, nimechomeka kwa USB kwenye Ubuntu, inakataa kufunguka. Imekufa?

#15 Mlinzi_wa_Diski (Kampala)

Usiendelee kuchomeka-chomeka, na ukiulizwa kama uifomati sema hapana. Kurudisha hali ya kiwandani kumeandika mfumo mpya wa faili juu, lakini data nyingi ya zamani huwa bado iko kwenye sahani mpaka iandikiwe juu yake. Kila dakika ikiwa imewashwa ndani ya kasha lake ni hasara, kwa kuwa kifaa huandika kumbukumbu zake chenyewe.

Kukataa kufunguka kwenye Ubuntu si kifo. My Book Live inatumia ext4 yenye bloku za KB 64, na Linux ya kawaida kwenye kompyuta zetu imezoea zisizozidi KB 4. Soma kwa `debugfs` au fuse-ext2, kwa hali ya kusoma tu. Sehemu ya data ni ya nne, mfano /dev/sdb4. Lakini kwanza nakili diski nzima. Ni ya inchi 3.5, kwa hiyo adapta iwe na umeme wake wa volti 12. Zile zinazotegemea USB peke yake hazitaizungusha. Tafuta diski yenye nafasi kubwa kuliko hiyo, kisha:

`ddrescue -d /dev/sdb /mnt/kubwa/mbl.img /mnt/kubwa/mbl.map`

Hakikisha kwa `lsblk` ipi ni ipi, ukigeuza mwelekeo umeimaliza. Ikishakamilika, weka diski ya asili pembeni na ufanyie kazi ile picha. PhotoRec itavuna JPEG, PDF na video kwa kuangalia mwanzo wa kila faili. Majina na folda havirudi, na faili kubwa zilizotawanyika (video hasa) huenda zikatoka zimekatika. Mwambie mteja hilo kabla hujaanza, si baada.

Bei pia mkubaliane mapema. Kwa diski ya TB 2, kunakili pekee kwa USB 2 ni karibu siku nzima, PhotoRec nayo huchukua saa nyingi, na kupanga faili laki moja zisizo na majina ni kazi nyingine.

#16 Kijana_wa_Mbarara

Nimekuelewa mzee. Na My Book ile ya USB ya kawaida, njia ni hiyo hiyo?

#17 Mlinzi_wa_Diski (Kampala)

Hapana, hapo kuwa makini. Nyingi za USB za WD zinasimba data kwenye bodi ndogo ya kielektroniki iliyo ndani ya kasha, hata kama mwenyewe hakuweka nywila. Ukiitoa diski na kuichomeka kwa adapta nyingine utaona takataka tu. Iache ndani ya kasha lake, unakili kupitia waya wake wa USB. Bodi hiyo ikiwa imeungua, usiitupe.

#18 Fundi_Ruta (Jinja)

Kwa wanaonunua NAS za mtumba: tafuteni modeli kwenye orodha ya mtengenezaji ya vifaa visivyopewa masasisho kabla ya kutoa hela. Aprili 2024 ilitangazwa CVE-2024-3273 kwenye NAS za D-Link, zikiwemo DNS-320L, DNS-325, DNS-327L na DNS-340L. Kulikuwa na akaunti iliyojengewa ndani na njia ya kuendesha amri kutoka mbali. Jibu la D-Link lilikuwa kwamba umri wao umeisha, waliokuwa nazo waziache. Mkishaipata kwa bei ya kutupa, itumieni bila gateway kama nilivyoeleza #2. Someni SMART pia (ripoti ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe): namba 5, 197 na 198 zikiwa juu ya sifuri, kazi ya mteja isiingie humo.

#19 StudioNtinda

Tumepima kwa nmap. Mlango 8080 uko open, na UPnP tulishaizima.

#20 Fundi_Ruta (Jinja)

Chomoa waya wa diski, pima tena. Ukibaki open, basi ni ukurasa wa ruta yenyewe unaoonekana nje: tafuta "Remote Management" uizime, ubadilishe na nywila ya ruta. Ukifungwa, ni diski. Rudi kwenye jedwali la milango, kuna mstari uliowekwa kwa mkono, na ruta nyingine huuficha chini ya menyu ya michezo au "Applications".

Kuna uwezekano wa tatu kwa laini za 4G: mkiwa nyuma ya CGNAT, anwani mliyoipima si yenu peke yenu, na 8080 hiyo ni ya mtu mwingine kabisa. Linganisha WAN ya ruta na anwani mliyopima.

#21 StudioNtinda

WAN ni 100.81 na kitu. Tulipima ile ya tovuti ya "anwani yangu".

#22 Fundi_Ruta (Jinja)

Basi hiyo si yenu. Zimeni ile huduma ya wingu kwenye diski, mmalizie kwa kuiacha gateway yake tupu.